Mume wa Gladness

Nyakato, Mwanza
Jumatano

Kaka yangu Nathaniel,

Shikamoo. Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na shemeji Sabina na wote walio hapo nyumbani Sengerema. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Mara ya mwisho uliniambia kwamba ukipiga magoti kanisani huinuki mpaka ushikwe mkono, nikacheka, lakini nilikuombea. Sisi huku ni wazima, tunakula, tunafanya kazi, na binti yetu Winnie amerudi chuoni salama. Aliyekuletea barua hii mpe kwanza kiti na chai apumzike, kisha wewe uketi peke yako usome mpaka mwisho. Tafadhali usiruke mistari kama unavyofanya na matangazo ya parishi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nina mdomo mwepesi, nawe umeshapata hasara ya mdomo huo mwezi huu bila kujua. Kwa kalamu nakwenda polepole.

Jambo lenyewe ni wivu. Nina wivu, kaka, wala si wa kuonea gari la jirani. Namwonea wivu mke wangu.

Unakumbuka Mwamko ulivyoanzia sebuleni kwangu, watu wachache na benchi la kuazima. Hatukuwa na kasisi kati yetu. Tulikuwa walei watupu: mafundi, wauza samaki, na mimi mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi. Tukasema tutaliamsha kanisa kwa kusoma Neno na kwa kuwekana nuruni, yaani mwenye kitu rohoni juu ya ndugu yake asimame akiseme mbele ya huyo huyo ndugu, yaishe. Leo vikundi vimeenea karibu kila parishi ya dayosisi, kuanzia Buzuruga mpaka Magu, na mwenyekiti wa vyote ni mimi. Miaka yote hiyo, kila Alhamisi jioni, mimi nilisimama sebuleni nikifundisha na Gladness alikuwa jikoni akichemsha chai. Sikuona ubaya wowote. Chai yake inasifika.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilihubiri kwenye mkutano wa Kisesa, jenereta likazimika, nami nikaendelea kupaza sauti bila kipaza sauti kwa sababu nilijiona simba. Niliporudi nyumbani koo lilikuwa limefunga kabisa. Nilikuwa nanong'ona kama mtu anayesengenya. Alhamisi ikafika, watu wamejaa, nikamwashiria Gladness asome somo tu kisha tuimbe, watu wanywe chai waende zao.

Alisoma. Halafu akafunga Biblia, akaketi. Hakusimama kama mimi, aliketi, akaanza kusimulia jinsi alivyokuwa akianika dagaa na mama yake pale ziwani, na jinsi dagaa wanaooza si wale wa juu wanaoonekana na jua, ni wale wa chini ambao hakuna aliyewageuza. Akauliza nani humu ndani ana kitu cha chini ambacho hajakigeuza. Hakuna zaidi ya hapo. Kaka, watu walilia! Yeremia, katibu wangu, ambaye kwa miaka amekuwa akisinzia katika mafundisho yangu huku akijifanya anatafakari, Yeremia huyo alilia mpaka akaazima leso ya mke wake. Mimi nimekaa kwenye kona, skafu shingoni, kikombe cha tangawizi mkononi, nawaangalia. Nilipaswa kumshukuru Mungu. Nilichokuwa nafikiri ni kwamba ule mfano wa dagaa hauna andiko.

Koo lilipopona nikarudi kufundisha. Lakini nikawa naona watu wananisikiliza huku macho yao yakiwa kwenye mlango wa jikoni. Wiki ya pili mama mmoja aliinua mkono nikidhani ana swali la somo, akauliza kama Mama Gladness ataongea leo. Basi ikawa hivyo. Vikundi vikaanza kumwita yeye. Mimi nikawa mtu wa kufungua kwa sala na kubeba mkoba.

Wivu huo haukubaki kanisani, ulinifuata mpaka kazini. Bwana Shamshudin, tajiri yangu, Mwislamu wa watu asiyejua Mwamko wala kwaya, aliniita ofisini akaniambia mkewe Nurbanu amesikia kwa wateja kwamba nyumbani kwangu kuna mama anayesema maneno ya kutuliza moyo, na je, mama huyo ni ndugu yangu? Nikamjibu ni mke wangu. Akanitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunitazama nayo tangu aniajiri. Siku nyingine nikiwa stendi ya Buzuruga kijana wa kukata tiketi ananiambia, mzee, wewe si mume wa Mama Gladness yule anayefundisha? Nilimjibu kwamba mimi ni mwenyekiti wa Mwamko wa dayosisi nzima. Akasema, sawa, lakini si ndiye mume wake? Nilipanda basi bila kuaga.

Halafu Askofu akaja kwetu kwa kipaimara. Nilisimama mlangoni na suti yangu ya kijivu kumpokea. Akanishika mkono vizuri, akaniuliza habari, na bado ameushika huo mkono akawa anatazama nyuma ya bega langu, akauliza mama yuko wapi.

Sasa nafika kwako. Mwezi huu ulinipigia simu kwa furaha, ukasema wazee wa kanisa lenu wameamua kufanya semina ya uamsho ya siku tatu, na mmekubaliana wote kwamba mfundishaji awe Gladness. Ukasema daraja la Busisi limemaliza habari za kungoja kivuko, kwa hiyo hana kisingizio. Nilisikiliza mpaka mwisho nikitegemea utasema, na wewe pia, Elias. Hukusema. Wewe kaka yangu wa tumbo moja, uliyenifundisha kusoma Zaburi! Ndipo nikakujibu kwa sauti ya masikitiko kwamba Gladness amepatwa na presha, imepanda vibaya, daktari amemkataza safari na kuongea mbele za watu.

Kaka, Gladness hana presha. Hajawahi kuwa nayo. Wala hakuambiwa kwamba mmemwita. Nilikata simu, nikaenda mezani, nikala samaki aliyenipikia, na nikamwambia chumvi imezidi.

Mkaniumiza zaidi kwa wema wenu. Shemeji Sabina akanitumia ujumbe kwamba Jumapili kanisa zima lilisimama kumwombea, na akina mama wamejipangia zamu ya kufunga mpaka presha ishuke, na semina inamngoja yeye. Watu wazima wanashinda na njaa huko Sengerema kwa ajili ya ugonjwa uliotoka mdomoni mwangu. Nikaufuta ujumbe haraka, Gladness asije akauona.

Nilijua dawa yake, maana ndiyo ninayoifundisha. Nikaazimia Alhamisi iliyofuata nisimame niuweke nuruni wivu wangu wote. Nitakuambia ukweli mpaka chini: hata katika kuazimia huko nilikuwa naona picha, mwenyekiti anajinyenyekeza mbele ya wote, watu wanatokwa machozi, Yeremia anaazima leso kwa ajili yangu. Nilipiga suti pasi.

Wimbo ulipoisha nikavuta pumzi nisimame. Gladness akaniwahi.

Alitoka jikoni akiwa na kitambaa cha kufutia vikombe mkononi, akasema ana neno na ndugu yake, na ndugu huyo ni mume wake. Akasema miaka yote hii amekuwa akinionea wivu. Akasema alikuwa akisimama jikoni akinisikia kupitia ukutani, na kila nilipokosea au kurefusha alikuwa akiiambia sufuria kwamba hapo yeye angesema vizuri zaidi. Ikafika mahali akawa anamwomba Mungu anifunge mdomo, kidogo tu, wiki moja au mbili. Na koo lilipofunga kweli aliogopa mno, ndiyo maana alinichemshia tangawizi asubuhi, mchana na jioni. Na mimi, kaka, nilikuwa nikimsimulia kila mtu ile tangawizi kwamba huo ndio upendo wa mke mwema.

Akaja akapiga magoti mbele yangu, akaniomba msamaha. Nyumba nzima ilikuwa inalia. Ikabidi na mimi niseme neno. Nikamwinua, nikasema nimekusamehe, mama. Kisha nikageukia watu. Mdomo ulikuwa wazi, maneno yote yalikuwa tayari, wivu, simu yako, presha. Lakini nikafikiri kwamba sasa nitaonekana namwiga. Hata wivu wangu alikuwa ameshanichukulia, na ameusema vizuri kuliko ambavyo ningeusema mimi. Basi nikatangaza kwamba sare za kwaya zipo kwa Yeremia, zichukuliwe kabla ya Jumapili.

Nikakimbilia jikoni. Wanawake walikuwa wamemzunguka Gladness sebuleni na chai ilikuwa inafurika, nikaiepua mwenyewe, nikaunguza vidole. Nilipokuwa nafuta vikombe nikasikia ameanza kufundisha. Sikuwahi kujua kwamba pale jikoni kila neno linasikika, tena waziwazi kuliko ukiwa sebuleni. Nikasimama nikisikiliza. Akafika kwenye habari ya mwana mpotevu na yule kaka yake aliyekataa kuingia karamuni, na mimi, kitambaa mkononi, nikasema kwa sauti, nikiiambia sufuria, kwamba hapo mimi ningesema vizuri zaidi.

Niliposikia nilichosema niliketi juu ya ndoo. Nilimhurumia sana mke wangu. Mimi nimekaa jikoni jioni moja tu na tayari nilitaka kuvunja kikombe.

Jana nikamwambia kwamba umemwita kufundisha. Hakuniuliza mwaliko ulikuja lini. Aliniuliza tu kama nitaumia akienda. Nikasema hapana, na huo nao ni uongo, uuweke pamoja na mwingine. Sasa hivi ninapoandika yuko chumbani anafunga sanduku na anaimba, na naona uchungu kwamba anaimba vizuri.

Kwa hiyo aliyekuletea barua hii, anayekunywa chai yako sasa, usimpe pole. Na nakuomba kwa haraka, kabla hajasimama madhabahuni hapo kwenu: nawajua watu wetu. Wakimwona mzima hivyo watapiga vigelegele, watasema maombi yamejibiwa, na akina mama waliofunga watasimama mmoja mmoja kushuhudia uponyaji. Usiwaache, kaka. Usimwache mke wangu ashukuriwe kwa muujiza ambao haukutokea, naye asijue aangalie wapi. Nilijaribu kumwambia asubuhi hii wakati wa uji, nikaishia kumwambia achukue sweta.

Mpe barua hii aisome yote, pamoja na yale ya samaki na chumvi. Akishamaliza, kama ataridhia, wasomee wazee wa kanisa, kisha mwambieni kila mama aliyefunga kwamba mimi ndiye niliyemnyima chakula. Siombi mnifiche. Alhamisi hapa nitafundisha mimi, na kabla ya somo nitaiweka nuruni habari hii kwa mdomo wangu, Gladness akiwa mbali, mahali ambapo hataweza kuisema vizuri kuliko mimi. Chai nitachemsha mwenyewe.

Msalimie sana shemeji Sabina, mwambie nitakuja kumwangukia nikishapata uso wa kuja nao. Wasalimie watoto na mzee Chenge wa jirani. Goti lako ulikande na maji ya moto. Na semina ikiisha nipigie simu unieleze alivyofundisha, kwa urefu, usinifupishie hata nikikuomba.

Ni mimi mdogo wako,

Elias,
mume wa Gladness