Maji Yanayokula Chuma

Oruro, Septemba

Kaka yangu mpendwa Efrain,

Pokea salamu zangu na za mama kutoka huku kwetu kwenye baridi. Natumaini mgongo haukusumbui tena kwa kukaa kwenye cherehani kutwa, na kwamba wifi na mtoto hawajambo. Sisi tunapumua. Mama anakula kidogo, lakini anakula.

Juzi kwenye simu ulisema kwamba, kwa kuwa hukuwahi mazishi, utakuja Sikukuu ya Wafu tumfukue baba, tumlaze kando ya bibi. Nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Barua hii isome ukiwa umekaa.

Unayajua yale maji ya manjano ya mgodini, kopahira, yalivyokuchoma ulipokuwa na kidonda mguuni. Zamani yalikuwa huko chini, nasi huku juu. Asubuhi moja mwezi wa Mei mama alipika uji wa api kwa maji ya kisima chetu. Mahindi yalikuwa yale yale ya zambarau, lakini uji ukatoka mwekundu, kana kwamba umekamuliwa ndimu kapu zima. Mama akanigombeza mimi. Baba akaonja, akatema, akasema meno yamemfa ganzi. Akabandua kipande cha chokaa ukutani, akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya kisima, kikatoa povu kama soda. Alikitazama mpaka povu likaisha. Kisha akasema lile shimo la zamani, lililozibwa tangu enzi za babu, limejaa pomoni na linavujia kisimani kwetu.

Kule kwenye ushirika wa wachimbaji walimtania. Rafiki yake, mzee Teofilo, alimwuliza kama siku hizi anapiga ramli kwa uji wa mkewe. Lakini ni Teofilo huyo huyo aliyekwenda naye kuuimarisha ukuta wa shimo lile, pamoja na Rufo, mkwe wake Teofilo. Walibeba saruji na magunia ya chokaa ya kuupoza ukali wa maji. Mlangoni baba alimwachia Tio, mzimu mwenye mgodi, majani yake ya koka kama kawaida.

Ukuta ulipasuka kabla hawajafungua hata gunia moja. Teofilo na Rufo walikuwa nyuma, maji yakawasukuma hadi kwenye ngazi. Teofilo alibabuka miguu, na Rufo jicho moja halioni mpaka leo. Baba alikuwa mbele.

Ushirika ulileta pampu. Haikumaliza wiki, maji yalikuwa yameshaila chuma chake. Wakaleta nyingine, nayo ikaliwa. Kilichoelea ni kofia yake ya kazi tu, maana maji yale hayaiwezi plastiki.

Sasa nafika kwenye neno lililonishinda kwenye simu. Kaka, baba hayumo kaburini. Bado yuko chini, kwenye maji. Jeneza tulilozika lina kofia yake, poncho yake, na mawe ambayo Teofilo aliyafunga kwa blanketi yasigongane. Mimi na yeye tulimwambia mama kwamba baba amepatikana, ila hatazamiki. Niliona hataweza kuishi bila mahali pa kupeleka maua.

Baada ya simu yako nilimweleza mama ukweli, asije akaukuta kwenye kaburi lililo wazi. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya. Aliniambia, "Mwanangu, nililishika lile jeneza lilipoinuliwa. Mtu hakai namna ile. Nilinyamaza kwa ajili yako."

Kisha akaniomba nisikwambie, kwa sababu wewe uko mbali, na mtu aliye mbali anahitaji kaburi.

Nimemwasi. Njoo, kaka, lakini usilete habari ya kufukua. Sema tu umeghairi. Mama ataoka mkate wa wafu kwa ajili ya baba, ataupeleka makaburini, nasi tutamfuata. Asijue kwamba unajua.

Msalimie wifi, na mtoto umbusu. Maji tunayokunywa siku hizi yanaletwa na lori, kwa hiyo kwa hilo usihofu.

Ni mimi mdogo wako,
Nilda