Faili la Munira

Mkata, Handeni
4 Februari 2024

Mdogo wangu Sadala,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima, ila mgongo unanisumbua. Vipi presha yako? Wifi hajambo?

Ujumbe wako nimeupata, kwamba Shamimu aje Korogwe umfundishe kuandika programu. Mwache binti yangu. Kompyuta inataka watu wenye moyo. Mimi nilikaa mbele yake, meneja wa shamba la mkonge ananitazama, nikaaibika na nikakuaibisha wewe uliyenifundisha. Shamimu amenirithi woga. Kuna duka la pembejeo hapa Mkata linataka muuzaji, linamtosha.

Mihogo nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Usiigawe yote.

Dada yako,
Munira

*

Korogwe
11 Februari 2024

Dada Munira, shikamoo.

Mihogo imefika, nimeshindwa kuila. Presha ipo, lakini siyo inayonitesa.

Shamimu hajarithi woga wowote, maana wewe hukuwa nao. Unaikumbuka 1993, kompyuta ya kwanza pale ofisini kwa meneja, na ile programu ya kuandikia ambayo kila kitufe unakipangia kazi unayoitaka mwenyewe? Mkanda wa mashine ya kusaga ulikuwa umekukata vidole vitatu vya kushoto. Ukakaa miezi minne unahamisha herufi mojamoja, zile zinazotumika sana ukazileta chini ya mkono wa kulia. Kitufe kimoja ukakifundisha kuandika kichwa cha barua chote. Mimi nilikuonyesha njia tu, mpangilio ulikuwa wako. Ukaanza kunipita kwa kasi. Na nafasi ya kazi ilikuwa moja.

Mpangilio huo wote ulikaa kwenye faili dogo, ndani ya disketi yetu moja iliyojaa. Asubuhi ya mtihani wa kazi nilitaka programu niliyoitunga mimi ienee kwenye disketi, nikalifuta faili lako. Kulikuwa na vingine vya kufuta, dada. Nilijua ninachofanya. Ulipoketi, vitufe vilikuwa vimerudi kama vilivyotoka kiwandani. Kila ulichobonyeza kikatoa herufi nyingine, meneja akacheka, akasema mkono huo ukashike jembe. Njiani nikakuambia, "Uliogopa tu." Ukaniomba radhi. Wewe ukaniomba mimi.

Kazi nikapewa mimi, nimeila miaka thelathini. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, usimzuie Shamimu kwa kosa langu.

Mdogo wako,
Sadala

*

Korogwe
17 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Funga inaendeleaje? Hii ni wiki ya tano, na simu zangu hupokei. Kila asubuhi naenda stendi kumuuliza kondakta. Jana ameniuliza kama nasubiri habari za mgonjwa, nikasema ndiyo. Mwezi huu kila dua ninayoomba inaishia kwako.

Andika hata matusi, nitayapokea.

Mdogo wako,
Sadala

*

Mkata, Handeni
14 Aprili 2024

Sadala,

Marahaba, zote mbili. Mgongo umepoa. Idi tumekula salama.

Barua yako nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Kazi uliyopata siililii. Nimelima, nimekula, nimesomesha. Linaloniuma ni huu mkono. Miaka thelathini nauficha ndani ya kanga. Kwenye picha zote za harusi yangu hauonekani, na wewe ulikuwepo, umesimama ubavuni kwangu, unacheka. Shamimu alipozaliwa niliona aibu kumshika nao. Niliamini ndio ulioniangusha, na ulijua naamini hivyo.

Sijakusamehe. Usitume mtu kuniombea. Siku ikifika utasikia kutoka kwangu mwenyewe.

Shamimu nimemweleza kila kitu, naye amelia kuliko mimi. Atashuka stendi Jumamosi. Mfundishe vizuri, wala usimwonee huruma. Amebeba daftari langu la mwaka ule, mpangilio wote umo, kitufe kwa kitufe. Uuingize kwenye kompyuta yako, usibadilishe hata kitufe kimoja. Nikimaliza palizi nitakuja kuketi hapo, na wewe utoke nje mpaka nikuite.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kwa mkono wa kulia ingekuwa kazi ya siku moja. Hii nimeiandika kwa wa kushoto.

Munira