Twalibu Alikanyaga Breki

S.L.P. 47,
Kibiti, Pwani.
9 Mei, 2025.

Mpendwa mwanangu Mudathiri,

Assalaam alaykum. Anayekuandikia ni baba yako mdogo Kondo, ambaye kuanzia Bungu mpaka Ikwiriri halizimiki gari barabarani asiitwe yeye kwanza, fundi baadaye. Hata trafiki wakiniona hunyanyua kofia. Sisemi kwa kujisifu. Nasema ujue barua hii imetoka mkono gani.

U hali gani na baridi ya Sumbawanga? Mkeo Yasmini kifua kimempoa? Mwambie achemshe tangawizi, hizo dawa za dukani zinamlaza tu. Mtoto naambiwa ameota meno mawili, tunamshukuru Mungu. Mimi mwili mzima. Usingizi ndio sina.

Najua kwenye barua hii unayemtafuta ni mama yako. Wamemtia chuma pajani. Daktari kasema miezi mitatu asikanyage, na siku akikanyaga atakuwa mtu wa mkongojo. Tumemlaza chumba changu cha mbele, dada yako Sihaba ndiye anayemgeuza. Juzi aliomba kitanda kisogezwe dirishani. Akawatazama watu wanaokwenda sokoni, kisha akaniambia, "Shemeji, kumbe watu wanatembea upesi hivi." Nikatoka nje, nikajifanya natafuta jembe.

Ujumbe wako ulinifika. Umesema shemeji yako Twalibu kamvunja mama yenu kwa uzembe wa kuendesha, na kwamba mimi niliyesimama badala ya marehemu kaka yangu nikae na wazee Ijumaa ijayo baada ya sala, nimdai Twalibu talaka ya dada yako. Sihaba ameshazifunga nguo zake. Anafunga, anafungua, anakunja upya. Twalibu anakuja kila jioni kumsalimu mkwewe, anaishia uani, hakuna anayempa kigoda. Kwenye simu sikukujibu kwa sababu nikizungumza kwenye simu hata msikitini wananisikia.

Sasa nisikilize. Siku ile mama yako alikuja kwa boti kutoka Mbwera, akashukia Nyamisati. Kwa kawaida gari naendesha mimi, ila asubuhi ile kiuno kilinibana, nikampa Twalibu ufunguo mkononi mwake ampeleke mama kliniki ya presha. Mvua ilikuwa imekesha. Kabla hawajafika Bungu, mwenye baiskeli ya mkaa akaibuka kutoka kichochoroni. Twalibu akakanyaga breki, akakata usukani. Gari halikukata. Lilikwenda moja kwa moja kama sanduku linaloburutwa. Mwenye baiskeli aliruka akapona, gari likapitiliza hadi kwenye mkorosho, upande aliokaa mama yako.

Watu wanasema hakukanyaga breki. Mimi nilifika na bodaboda kabla ya trafiki, nikaiona njia kwa macho yangu. Tairi linalozunguka huacha alama za kashata zake, yale meno ya mpira, kwenye tope. Pale hapakuwa na kashata. Palikuwa na mifereji miwili, laini, imenyooka kama imepigwa kwa jembe. Tairi zote zilikuwa zimeganda. Mtu asiyekanyaga breki haachi mifereji ile.

Gari lako wamelivuta mpaka uani kwangu. Unajua mimi mwaka wa mafuriko nilileta lori la mkaa toka Ngarambe mpaka hapa halina breki hata moja, nikilisimamisha kwa kulisemesha tu, kwa hiyo kigari hiki hakikunitisha. Pua imepondeka lakini betri ni nzima. Nikafungua swichi. Taa ya njano yenye herufi za ABS ikawaka. Taa hiyo gari likiwa salama huwaka kidogo, ikazimika yenyewe. Hii ilikaa. Maana yake ule ujanja wa breki kushika na kuachia, kushika na kuachia, ili tairi zisigande na usukani uendelee kutii, umekufa. Breki za kawaida zipo. Siku kavu, ukienda polepole, hutajua kitu. Siku ya tope ndiyo utajua.

Nikatazama mafuta ya breki, yapo. Fyuzi nzima. Nikapiga jeki tairi moja moja. Kila tairi lina sensa yake ndogo, inasoma pete yenye meno inayozunguka nalo. Abbasi, fundi umeme wa hapa stendi, alinishikia mita. Tairi tatu zikasoma elfu moja na kitu, zinafanana kama ndugu. La nne, la nyuma kulia, mita haikusoma kitu. Tukaivuta ile soketi ya waya, ikabaki mkononi unga wa kijani. Abbasi akaunusa. Akaniuliza, "Mzee Kondo, hili gari mlikuwa mnavulia?"

Hapa sikufichi. Uliniambia gari ni la mama na kliniki yake, basi. Lakini akina mama wa Salale walikuwa wanaharibikiwa na kamba wao pale Nyamisati kwa kukosa usafiri, na wewe unajua moyo wangu. Toka Desemba nimekuwa nawabebea matenga mpaka Kibiti. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika. Sakafu ya nyuma ilishatoboka upande wa kulia, yakawa yanaidondokea ile soketi kila safari. Chumvi haina haraka, mwanangu. Imekula miezi mitano, na Twalibu hakupakia tenga hata moja.

Kwa hiyo Ijumaa nitakaa na wazee kama ulivyotaka, lakini talaka sidai. Nitawaeleza mifereji miwili na ule unga wa kijani, nimeuhifadhi kwenye kichupa cha dawa. Nakuomba na wewe umpigie shemeji yako kabla ya siku hiyo, umwambie neno la kiungwana. Nyumba ya dada yako ivunjwe na chumvi yangu, hiyo nitajibu nini mbele ya baba yenu?

Najua utasema dereva gani haoni taa inayowaka mbele ya pua yake. Twalibu ameshika msahafu, anasema hakuona taa yoyote. Mimi namwamini. Labda macho yalikuwa njiani.

Mama yako anakusalimu, anasema usiuze kitu chako kwa ajili yake. Sihaba anakusalimu. Msalimie Yasmini, na umbusu mjukuu wangu mwenye meno mawili. Mungu akulinde na safari, akupe rizki isiyo na majuto, na amnyanyue mama yako tumwone akienda sokoni kwa miguu yake.

Wako akupendaye,
Baba yako mdogo, Kondo.

Bahasha nimeifungua tena. Nilikwisha kuilamba, nikaiweka juu ya kabati, nikamsikia Twalibu uani anapiga hodi isiyoitikiwa.

Taa ilikuwa inawaka tangu Februari. Twalibu hakuiona kwa sababu nilikuwa nimeibandika kipande cha plasta nyeusi, ya kufungia nyaya. Nilikibandua mimi pale pale kwenye mkorosho, mama yako bado analia ndani, trafiki hawajafika. Nimekitia humu kwenye bahasha. Ukikigeuza utaona vumbi la dashibodi yako. Nadhani maneno haya ndiyo ya kuwasomea wazee.

Sikuibandika ili nimfiche mtu hatari, Wallahi. Siku moja Mwanamina, mmoja wa wale akina mama wa kamba, alikaa mbele, wenzake wanne nyuma, akanyoosha kidole. "Mjuzi wa magari, hebu tuambie, hii taa ya nini?" Nikamwambia ni ya kuonyesha gari lina nguvu. Safari ya pili akauliza tena, wenzake wakacheka. Safari ya tatu nilikuwa nimeshabandika.

Sikujua ni ya nini, mwanangu. Ile taa Abbasi ndiye aliyenifundisha, wiki iliyopita.