Ziwa la Nyuma ya Kilima

Dada yangu mpendwa,

Jana madam aliniambia nitoe majaketi kabatini. Mwezi ujao tunapanda ndege, kisha tunachukua tena lile gari lenye vitanda na jiko ndani, tukazunguke hifadhi ile ile ya milimani. Nikayatoa yote, na lako likiwemo. Mfukoni mna karatasi ya peremende. Nikalirudisha kwa hasira, halafu nikalitoa tena.

Nimekukasirikia, dada. Najua marehemu hakasirikiwi, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka safari ile? Sir anaendesha, madam anasoma ramani, watoto wanagombea dirisha, na sisi nyuma tumekumbatia sufuria zisimwagike kwenye kona. Hifadhi nzima tuliiona kwa dirisha la jikoni, mikono ikiwa kwenye povu. Walipokuwa wakishuka kutazama maporomoko, sisi tulikuwa tunakaanga. Ukawaona wale wanyama wanene wanaochungulia kutoka mashimoni, ukasema, "Hawa pimbi wa huku wamelishwa biriani." Nilicheka mpaka nikaunguza vitunguu.

Halafu asubuhi ile madam akasema, "Yalla, haya, nendeni na nyinyi. Leo sisi tumechoka." Tulitoka kabla hajabadili mawazo. Wewe na chupa ya chai, mimi na mandazi, raba zangu za kuazima zikinibana. Ulihema na kulalamika, "Mlima gani huu hauna hata kibanda cha soda?" Yule mama aliyekuwa akishuka na fimbo alituonyesha kwa kidole: ziwa liko nyuma ya kile kilima, si mbali. Tukaongeza mwendo.

Simu yako ikalia.

"Usipokee, dada."

Ulikuwa umeshasema, "Naam, madam."

Alikuwa anatafuta sukari. Ukamwelekeza: kabati la juu, kopo jekundu, nyuma ya majani ya chai. Ukasikiliza, ukakata simu. "Haioni. Tushuke."

"Dada, ziwa liko hapo tu nyuma!"

"Ziwa halihami. Tutapanda kesho."

Kesho yake sir aliwasha gari tungali tunakunja mashuka.

Si ziwa peke yake linaloniuma. Hata hapa Rashidiya tulikokuja kufanya kazi, ulipokea simu sokoni, ulipokea ukiwa bafuni na sabuni kichwani. Kifua kilipoanza kukubana nilikwambia twende hospitali, na madam mwenyewe alikwambia upumzike. Ukasema umalize kwanza kupiga pasi nguo za shule. "Daktari hahami. Kesho." Kwa sauti ile ile ya mlimani! Na mimi nikanyamaza, kwa sababu wewe ndiye mkubwa.

Madam alilia sana ulipofariki, sitamsingizia. Alisimamia kila kitu mpaka ukafika nyumbani Muheza, nami nikakusindikiza. Lakini hata kabla matanga hayajaisha, akanipigia kuuliza soksi za watoto ziko wapi. Nikamjibu. Kabati la pili, upande wa kushoto. Nilipokata simu nikasikia sauti yako mdomoni mwangu, nikaogopa.

Ndiyo maana jana, majaketi yakiwa bado mikononi, nilimwomba asubuhi moja ya kwangu.

"Inshallah," akasema. Unaijua inshallah yake.

"Hapana, madam. Asubuhi ya kwanza tukifika. Nina mahali pa kwenda."

Alinitazama kama vile kabati ndilo limesema. Mwisho akakubali kwa kichwa. "Khalas, basi. Nenda. Lakini uwe na simu."

Nikaendelea kukunja majaketi.

Nitavaa jaketi lako, dada, na karatasi yako ya peremende humo humo mfukoni. Nitabeba chai. Nikifika pale uliposema tushuke, nitapumzika kidogo, nikuseme vizuri kwa sauti, kisha nitaendelea kupanda. Madam akinihitaji, atasikia simu yangu ikilia kwenye kabati la juu, nyuma ya majani ya chai, ndani ya kopo la sukari.

Lala salama, usiamke kwa ajili ya mtu.

Mdogo wako, niliyekuwa nyuma yako njia nzima