Huku Ufipa Majani Hayachomwi

Milanzi,
Sumbawanga.
11 Aprili 1976

Mpendwa mdogo wangu Suma,

Pokea salamu kutoka huku juu kwenye baridi. Hujambo? Watoto hawajambo? Na joto la Mtwara limekuachia nyama mwilini, au umebaki mifupa? Sisi wazima. Wifi yako Elizabeth ana mafua tangu mvua izidi, anakusalimu kwa sauti ya puani. Ndizi za nyumbani tunaziota tu. Tumeshakuwa watu wa ugali wa ulezi, na siku hizi nikiukosa nalalamika kuliko wenyeji.

Barua yako imefika Ijumaa. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Unasema wachapishaji wamekurudishia hadithi ya mama, eti kuumwa kwa mwanamke mmoja hakujengi taifa. Halafu unaandika, kwa mkono uliotulia kabisa, kwamba mwezi huu ukiisha utazitia karatasi zote jikoni uchome, upumzike. Suma wewe! Umenitia homa. Nimeacha madaftari ya kidato cha tatu bila kusahihisha ili barua hii ikuwahi.

Kwanza nikuchekeshe kidogo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipewa kipande cha shamba upande wa Mollo, majani yamefika kiunoni. Nikafanya kama tulivyofanya nyumbani: nikafyeka, nikayaacha yakauke, nikayatia kiberiti. Nikasimama pale nikijisifu. Mwalimu Zenon, anayefundisha hesabu, naye ni Mfipa wa hapa hapa, akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Alipoona ni mimi akashika kichwa. "Bwana Ambakisye, chakula cha mwakani umekitia kiberiti!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbe huku majani hayachomwi. Wanayakusanya mafungumafungu, wanayafukia kwa udongo, shamba zima linajaa vilima vidogo. Juu yake wanapanda maharage. Majani yanaoza humo ndani, hakuna anayeyafukua kuchungulia. Mvua nyingine zikianza wanavibomoa, wanatawanya ule udongo mweusi na kupanda ulezi. Mwaka ule sikuvuna kitu. Mwaka uliofuata nikafukia, na ulezi nilioupata ulimnyamazisha hata Zenon.

Sasa utasema kaka ameanza mahubiri. Sawa, sema tu, ukubwa jalala.

Nimefundisha Kiingereza tangu wewe ukiwa unasuka nywele za shule. Nimewasomesha watoto wa watu habari za theluji, nami theluji sijaiona; baridi ya Juni ndiyo inayonisaidia kueleza. Vile vitabu navipenda, sikudanganyi. Ujanani nilidhani kitabu ni kitu cha kutoka mbali, na sisi kazi yetu ni kukipokea. Lakini mdogo wangu, mtu akishakuwa mzima, ameshazika wazazi, ameshalala na njaa ili watoto wale, anakitazama kitabu kwa jicho jingine. Nimetafuta humo mtu aliyewahi kumbeba mama yake kwa machela, sikumpata. Nilimpata kwako.

Ndiyo maana nimefanya jambo bila ruhusa yako. Jioni nafundisha kisomo cha watu wazima. Kitabu tulicholetewa kinaeleza kilimo cha pamba, na pamba hapa wanaijua ikiwa imeshakuwa kanga. Wanasinzia, maskini, na siwalaumu. Wiki iliyopita nikachukua ile sura uliyonitumia Krismasi, nikawasomea. Ile ya mama amelala kwenye machela, anawaamuru wabebaji wamshushe kila nyumba asalimie, kwa kuwa "siwezi kupita kwa watu nimelala kama gunia." Walicheka, Suma! Yuko mama mmoja, Silvana, ana wajukuu na ndiye msinziaji mkubwa kuliko wote. Siku hiyo hakusinzia. Mwishowe, wabebaji walipofika darajani na sura ikakatika, Silvana akasimama. "Mwalimu, huyo mama alifika hospitali?" Darasa zima likadakia, alifika, alifika?

Mimi ndiye niliyeshika mbele ya machela ile. Najua. Lakini sikuweza kusema. Nikawajibu kwamba mwandishi ni mdogo wangu, na bado hajamaliza kuniletea. Nikatoka nje nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya ng'ombe wa jirani.

Picha ya mama hatuna hata moja. Mwanangu wa mwisho ananiuliza bibi alikuwaje, namwambia alikuwa mrefu, basi, maneno yananiishia. Wewe hayakukuishia. Ukizichoma karatasi zile, mama atakufa mara ya pili, na safari hii sitakuwepo hata kumbeba. Nakuomba, nakusihi, usizichome. Kama huwezi kuishi nazo nyumba moja, nitumie mimi. Nitazifungia kwenye sanduku chini ya kitanda, sitakuuliza neno, hata ipite miaka. Siku utakayozitaka utazikuta.

Msalimie sana shemeji Andwele, mwambie deni lake la kuja kuonja ulezi sijalisahau. Wabusu Atusaye na mdogo wake. Zenon anakusalimu ingawa hamjuani, anasema wewe ndiye mwenye akili katika ukoo wetu. Mungu akulinde, akupe usingizi, na mkono wako usiwe mwepesi karibu na moto.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Ambakisye

Nimefungua tena bahasha. Mama Silvana amepita sasa hivi kutuletea maharage, na kabla hata hajatua kikapu ameuliza kama mama amevuka daraja. Nimemwambia bado yuko njiani.