Sifongo Niliyoichemsha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua nimekuamkia jana tu kwenye simu, kwa hiyo ukiiona bahasha hii utashika kifua kwanza kabla ya kuifungua. Tulia, hakuna aliyekufa, yaani binadamu. Mguu unaendeleaje? Unaufanyisha mazoezi, au wajukuu wanakuletea kila kitu hapo kwenye kochi? Kaka na mkewe hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili; roho ndiyo haitulii. Nimeamua kuandika kwa sababu kaka akipokea simu huweka spika, na haya si ya kusikiwa na nyumba nzima.

Ni habari za samaki wako. Kila ukiuliza nakujibu kuwa wazima, wanakula, wanakusalimu. Nimekudanganya mama, wiki mbili nzima. Mapacha wamekufa, wote wawili. Bwana Harusi bado yupo, na naandika nikiwa nimeketi mbele ya tangi lake, maana nikienda jikoni moyo unanirudisha. Ninachoogopa ni wewe kurudi nyumbani ukakuta kioo na kokoto tu.

Ilianza siku yangu ya mapumziko. Unanijua, nikirudi kutoka wodini nikakosa cha kusugua, nasugua ukuta. Nilifungua lile chujio, nikaona sifongo imejaa utelezi wa kahawia, nikajiuliza mama yangu amewaachaje viumbe wa Mungu kwenye uchafu namna hii. Uliniagiza, nakumbuka vizuri, kwamba sifongo isuuzwe kwa maji yao yale yale ya tangini, tena kidogo tu, isipelekwe bombani. Nikaona ni mambo ya wazee. Nikaichemsha kwenye sufuria kama vyombo vya upasuaji, nikamwaga maji yote, nikasugua kokoto moja moja, nikajaza maji mapya. Tangi liling'aa mama! Nilijisifu peke yangu sebuleni.

Siku ya nne Mapacha walikuwa juu wanahema, midomo nje ya maji, mashavu mekundu, mapezi wameyabana ubavuni. Chakula hawakukitazama. Mimi na ujuzi wangu wa miaka kumi na tisa wodini nikasema haya ni maambukizi. Nikanunua dawa ya samaki, nikatia; sikuona nafuu, nikaongeza. Maji yakawa ya buluu hata Bwana Harusi simwoni. Pacha mmoja akafa asubuhi, mwenzake akamfuata kabla sijarudi kutoka kazini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa limevunjika guu la wasiohusika.

Ndipo nikamwendea yule muuza samaki wa mapambo, yule unayemwita Profesa. Nilimweleza dalili zote kama ninavyokabidhi zamu. Hakuniuliza hata neno moja kuhusu samaki. Aliniuliza maji yako wapi. Akanirudisha nyumbani nikayachukue kwenye chupa. Alipotia matone yake ya kupimia, maji yakageuka kijani kibichi, akaniambia wale hawakuwa na ugonjwa wowote, walikuwa wanakunywa sumu ya choo chao wenyewe. Akanieleza kuwa ule utelezi niliouchemsha ulikuwa na vijidudu visivyoonekana, na kazi yao ni kuila hiyo sumu. Nikiviua, hakuna wa kusafisha. Mama, maisha yangu yote naua vijidudu kwa mshahara. Sikujua nicheke au nilie. Nililia, palepale mbele ya wateja wake.

Hakunipa dawa. Alikata kipande cha sifongo chafu kutoka tangi lake, akakitia kwenye mfuko wenye maji, akanionya nisithubutu kukisuuza. Nilikibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani, uchafu wa mtu, nikakipachika ndani ya chujio letu! Sasa kila siku natoa robo ya maji, naweka mengine yaliyolala ndooni bila kifuniko, chakula natia punje chache, kisha nakaa na kuikunja mikono. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nimeinuka mara tatu tangu nianze ukurasa huu. Leo matone yametoa kijani hafifu, karibu na manjano ya maji salama. Mkia wa Bwana Harusi umechanika na bado anajiegemeza pembeni, lakini adhuhuri aliokota kokoto, akaitema, akatafuta tena, akala punje moja. Profesa anasema tusishangilie bado.

Mama, kuna jingine, na hili ndilo linaloninyima raha kuliko samaki. Nilikwambia daktari amekataza ngazi zetu, ndiyo maana tukakuhamishia kwa kaka. Daktari hakukataza. Alisema uzipande na kuzishuka taratibu, mguu upate nguvu. Ni mimi niliyechoka. Nilichoka kukufunga bandeji baada ya kufunga za watu kutwa nzima, nilichoka na redio yako, na magazeti yako ya zamani, na makombo ya chakula cha samaki mezani. Nilitaka nyumba itulie na ing'ae, nikakutoa, huku nikisema ni kwa faida yako. Kaka hajui. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeona bora nijiumbue mwenyewe mapema.

Nyumba imekuwa safi mno, mama, na siwezi kukaa ndani yake. Kama una hasira, una haki, njoo nazo huku huku. Ngazi ni kumi na nne, tutapumzika katikati, hata mara tatu. Jumamosi nitakuja kukuchukua ukikubali. Usipokubali nitakuja vilevile, nipige magoti mbele ya kaka na mkewe. Rudi uichafue nyumba yako.

Wajukuu wape mkono wangu mmoja mmoja wasigombanie. Kaka usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe. Niombee, mama, na huyu anayenitazama hapa kiooni mwombee pia.

Ni mimi kitindamimba wako,
niliyekukosea.