Wakesho Haombi Akiwa Amefumba Macho

Mwalimu Mghoi,

Tangu tukuzike kule Wusi, kiti chako cha msaidizi, kando ya Wakesho wetu asiyesikia, nakikalia mimi. Kinaniumiza mgongo. Wewe uliwezaje miaka yote hiyo?

Naendelea kama ulivyonifundisha. Namwomba mwalimu wa darasa asiongee akiwa ameelekea ubaoni. Nasimama penye mwanga ili mtoto aone midomo na mikono yangu. Simfokei, maana kelele hazimsaidii. Na akiulizwa swali, nameza mate, simjibii. Hilo ndilo gumu zaidi, unajua nilivyo na mdomo.

Lakini tumeletewa mwalimu mkuu mpya, mlokole kwelikweli. Wiki yake ya kwanza alimwona Wakesho paredini, macho wazi wakati wa sala. Sijui alimwonaje kama yake yalikuwa yamefumbwa! Akasema mtoto asiyemheshimu Mungu arudi kwao Ronge akalime. Nikamweleza kwamba huyu husikia kwa macho. Akanijibu, "Kama sala haisikii, si afumbe tu macho atulie?"

Nilijifungia chooni nikalia. Nilikukasirikia hata wewe, kwa kufa.

Wewe ulikuwa unasimama mbele yake unamfikishia sala kwa mikono, na kina mama wa kanisa wakikusema. Mimi ni mwanakwaya, niliogopa kusemwa. Ila ningenyamaza, mtoto angeondoka. Basi Ijumaa, mwalimu mkuu alipoanza kuomba, nilitoka mstarini nikasimama mbele ya Wakesho, nikaanza kumfikishia sala kwa mikono. Watoto wote walichungulia.

Sala ilipofika kwa waliofiwa, Wakesho alinishika mikono nisimame, akaiachia, akaanza kuomba mwenyewe kwa ishara. Akagusa shavu lake mara mbili, pale ulipokuwa na alama nyeusi. Ndilo jina la ishara alilokupa. Kisha akaweka kiganja kifuani, akainua uso juu. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa ajili yako, Mwalimu. Nilishindwa kujizuia.

Nilipogeuka, mwalimu mkuu alikuwa amekatiza sala, anatutazama. Alingoja mpaka Wakesho akashusha mikono yake, ndipo akasema amina. Habari ya Ronge haijatajwa tena.

Pumzika, mwalimu wangu. Kina mama wa kwaya wameshaanza kunisema. Waseme. Nakuahidi nitasimama mbele ya mtoto huyu kila paredi, mpaka amalize shule ya msingi.

Mwanafunzi wako,
Mkamburi
Voi